Stesheni ya Mwanza na Urithi wa Maneno Yake

Mwaka 1928 ulileta mambo mawili yaliyogusa Kiswahili cha kando ya Ziwa Victoria, ingawa hakuna aliyeyapanga yaende pamoja. Mwezi wa Juni wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakaamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na katika mwaka uo huo njia ya reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza, ikamaliza safari yake mbele ya maji. Uamuzi wa Mombasa umeandikwa mara nyingi katika historia ya lugha. Kufika kwa reli kumeandikwa katika historia ya uchumi na ya utawala, lakini wanalugha wamekutazama kidogo mno. Hata hivyo, mtu akitaka kujua ni kwa njia gani maneno ya pwani yaliwafikia watu wa Usukuma, wasiopata kuiona bahari, hana budi kusimama kwanza katika stesheni ya Mwanza.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko chuma chake. Mwezi wa Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, akaenda kaskazini pamoja na wapagazi, na mwanzoni mwa Agosti akayaona maji ya ziwa kutoka milima iliyo karibu na Mwanza. Wapagazi walihesabu safari kwa vituo. Kituo ni mahali pa kutua, yaani pa kuweka mzigo chini, na neno hili lilikwisha kuzoewa katika njia za misafara muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiri habari ya reli. Jambo hili litarudi mbele kidogo, kwa kuwa ndilo lenye ubishi.

Reli ya Kati ilianzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914. Wajerumani walikuwa na nia ya kutoa tawi Tabora kwenda upande wa Ruanda, lakini vita vikaikata kazi hiyo. Kwa hiyo tawi la Mwanza, lenye urefu wa karibu kilomita 380, lilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na upana wake ni ule ule wa mita moja wa njia kuu. Haja yake ilikuwa wazi. Tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Mwanza ilikuwa ikipakiwa katika meli, ikivushwa hadi Kisumu, kisha ikishuka Mombasa. Mji wa Tanganyika ulikuwa ukiuza na kununua kwa mlango wa nchi nyingine. Reli ya 1928 ilifungua mlango wa pili, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam.

Kwa mwanalugha, jambo kubwa ni hili: Mwanza ililetewa maneno kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulitoka kaskazini, kwa maji, nao ulibeba maneno ya Mombasa na Kisumu kwa muda wa zaidi ya miaka 25 kabla ya reli kufika. Mkono wa pili ulitoka kusini, kwa chuma, nao ulibeba maneno ya Dar es Salaam na Tabora. Yote yalikutana katika mji mmoja, ambamo kutoka stesheni hadi gatini si mwendo mrefu. Tena tangu mwaka 1948 shirika moja lilisimamia treni pamoja na meli za ziwa, nalo liliitwa kwa jina lake Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Si ajabu basi kwamba maneno ya nchi kavu na ya majini yaliingiliana mpaka yakawa vigumu kuyatenga.

Wengi wanapoyafikiri maneno ya reli huyadhania kuwa ni ya Kiingereza tu: reli, treni, stesheni, injini, tikiti, dereva. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya juu juu. Ukiyaondoa maneno hayo, yanayobaki chini yake ni lugha ya mabaharia.

Nauli, kwa mfano, ni malipo ya chombo. Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu kutoka Kigiriki, na huko kote maana yake ilikuwa ni ujira wa kusafirishwa baharini. Abiria ametokana na kitendo cha kuabiri, yaani kusafiri kwa chombo majini. Shehena ni mzigo wa jahazi. Mtu aliyekata tikiti Shinyanga kwenda Malampaka, asiyeona maji yoyote njiani isipokuwa ya mvua, alilipa nauli akawa abiria, na gunia lake likawa sehemu ya shehena. Maneno matatu ya bahari yalimchukua mkulima wa pamba katikati ya bara, naye hakuhisi kitu.

Taruma ni mfano ulio bora zaidi. Mafundi wa vyombo vya pwani waliita taruma ule mti wa kushikizia na kukaza, hasa ule unaokaa kama ubavu ndani ya chombo ili mbao zisiachane. Reli ilipokuja, ilionekana kwamba chini ya vyuma viwili vinavyokwenda sambamba kuna vipande vinavyolala kukingama, navyo kazi yake ni kuvishika vyuma visiachane. Aliyeviita mataruma hakutafsiri neno la Kiingereza, ambalo lasema kwamba vipande hivyo vimelala usingizi. Alitazama kazi ya kile kitu, akakumbuka chombo. Kitu chenyewe kimebadilika baadaye, kutoka mti kuwa chuma na kutoka chuma kuwa zege, na neno limebaki. Hapana kamati iliyoketi kulitunga, na ni shida kuona kamati ambayo ingelitunga vizuri zaidi.

Behewa nalo lina safari yake. Katika kamusi za zamani ni ukumbi au uwanda wa ndani katika nyumba kubwa, nyumba za namna ile zilizojengwa Unguja na miji mingine ya pwani. Asili yake ni Kiarabu. Kutoka hapo likawa ni chumba cha magurudumu, na leo ukimwuliza kijana wa Mwanza maana ya behewa, hatakutajia nyumba kamwe. Maana ya kwanza imekufa katika vinywa vya wengi, na ya pili imeishi.

Yafaa kuuliza pia ni maneno gani yaliyokataa kupanda treni. Nahodha ni mmoja wao. Yeye ndiye mwenye amri ya chombo, na kwa mantiki ya nauli na abiria ingetazamiwa kwamba anayeendesha treni aitwe nahodha wa treni. Haikuwa hivyo, aliitwa dereva. Rubani alipaa, akawa mwendeshaji wa ndege, na nahodha mwenyewe akaenda hata katika viwanja vya mpira kuongoza timu, lakini garini hakuingia. Sababu yaelekea kuwa katika kazi yenyewe. Nahodha huchagua njia. Dereva wa treni hana njia ya kuchagua: hufuata chuma, na kwa kuwa njia ya Tabora hadi Mwanza ni moja tu, hawezi hata kwenda mbele bila ruhusa ya stesheni, asije akakutana na mwenzake. Ndiyo maana vituo kama Bukene na Malampaka vilikuwa na uzito kuliko ukubwa wake: ni mahali pa kupishana. Mwenye amri ya safari hakuwa ndani ya treni, alikuwa nchi kavu, katika chumba cha mkuu wa stesheni.

Kihindi kilitoa fungu lake pia. Gari ni neno la Kihindi, na karakana, ambamo treni hutengenezwa, lilipitia huko likitoka Kiajemi. Gati, mahali pa meli kufungwa, yaelekea kuwa ni lile lile linalotumiwa India kwa ngazi za kuteremkia mtoni. Vilevile yafaa kuitazama kauli ya kukata tikiti. Kwa Kiswahili tikiti hainunuliwi tu, hukatwa. Katika Kihindi pia tikiti hukatwa, na makarani wengi wa reli katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa Wahindi. Mwenye kutafuta maneno ya mkopo hutazama majina, akasahau kwamba vitendo navyo hukopwa, tena bila kuacha alama ya sauti.

Kijerumani hakikuacha karibu chochote. Hili ni la ajabu kidogo, kwa kuwa Wajerumani ndio walioijenga njia kuu na kuiendesha kwa miaka kadhaa. Shule na hela ni maneno yao na yangali hai, lakini neno lao la stesheni, Bahnhof, halikubaki popote. Maelezo yaliyo rahisi ni kwamba serikali ya Kijerumani ilifanya kazi zake nyingi za chini kwa Kiswahili, hivyo wenyeji hawakuhitaji kukopa. Walisema gari la moshi, nayo ikatosha. Kabla ya desturi nyingine kukomaa, wenye reli wakabadilika.

Gari la moshi lenyewe limefupika kwa njia inayostahili kutazamwa na wanasarufi. Kwanza lilikuwa fungu la maneno matatu. Kisha kiunganishi kikadondoka, likawa gari moshi, na mwishowe yakashikamana, likawa garimoshi, lenye wingi magarimoshi. Upatanisho ulibaki wa jina la kwanza: garimoshi limefika. Treni, kwa upande wake, iliingia katika ngeli ya maneno mageni: treni imefika. Katika mazungumzo ya Mwanza treni ndiyo iliyoshinda, na garimoshi limebaki zaidi vitabuni. Kichwa cha treni, ambalo watu wengi hulitumia badala ya injini, halikutoka lugha yoyote ya kigeni. Ni mtazamo wa mfugaji, anayejua kwamba kitu kirefu kinachotembea lazima kiwe na kichwa.

Hapa ndipo ule ubishi wa kituo unapoingia. Wako wanaoshika usafi wa lugha ambao wameona kwamba stesheni ni neno la bure, maadamu Kiswahili kina kituo, neno la Kibantu lenye historia nzuri. Wapendekeza liandikwe kituo cha reli mahali pote. Hoja hii ina sura njema, lakini haina nguvu inapopimwa kwa matumizi. Kituo kimekuwa neno pana mno: kuna kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha basi, na hata vituo vya uandishi mwishoni mwa sentensi. Stesheni haina upana huo. Mtu wa Mwanza akisema yuko stesheni, hapana anayemwuliza stesheni ya nini. Mabasi yana stendi, meli zina gati, na treni ina stesheni. Mfumo huu wa maneno matatu ulijitengeneza wenyewe, nao unatenganisha maana kwa usahihi ambao neno moja la kituo lisingeweza kuufikia. Shirika la Reli Tanzania halikuliacha neno hili hata lilipojenga majumba mapya ya reli ya umeme. Jengo la Dar es Salaam, lililozinduliwa pamoja na safari za Dodoma mwaka 2024, laitwa Stesheni ya Magufuli. Kituo kingeweza kurudi wakati huo, tena kwa heshima, nacho hakikurudi.

Jina la mji ulioandikwa juu ya kibao cha stesheni nalo lina somo. Wajerumani waliliandika Muansa. Wasukuma husema Ng'wanza. Katika maneno mengi ng'w ya Kisukuma hulingana na mw ya Kiswahili, kama vile ng'wana na mwana, ng'waka na mwaka. Kwa hiyo Mwanza si Ng'wanza iliyoharibika kinywani mwa mgeni. Ni jina lile lile likiwa limevaa sauti za Kiswahili kwa kanuni iliyo sawa. Wengi hulihusisha jina hili na nyanza, neno la lugha za eneo hilo lenye maana ya maji makubwa, ambalo ni ndugu wa nyanja ya watu wa kusini. Uhusiano huo huenda ukawa wa kweli kwa maana. Kwa sauti wahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ng'w hutazamiwa mahali palipokuwa na mu- mbele ya irabu, wala si mahali pa ny. Kukubali asili ya jina kwa sababu tu maji yanaonekana kutoka dirishani ni desturi mbaya, ingawa ni ya zamani.

Yamesemwa maneno ya bahari yaliyopanda treni. Mwanza ina upekee kwamba baadhi yake yalirudi majini. Katika miaka ya 1960 ziwa lilipata meli zilizoundwa kwa ajili ya kubeba mabehewa, miongoni mwao Umoja, ambayo hupakia gatini Mwanza Kusini kupitia reli inayoingia moja kwa moja ndani ya meli. Behewa lililotoka Dar es Salaam likiwa na shehena yake liliweza kuvuka hadi Port Bell au Kisumu bila kufunguliwa. Basi neno lililokuwa ukumbi wa nyumba ya pwani lilipanda mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, likaenda zaidi ya kilomita 1,200, kisha likaabiri. Kinyume chake kilitokea Isaka, kusini ya Shinyanga, ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi huhamishwa kutoka reli kwenda malori. Mahali hapo paliitwa bandari kavu. Bandari, neno la Kiajemi lililojua maji ya chumvi tangu siku zake za kwanza, likawekwa chini katika nchi ya mbuga na ng'ombe.

Meli nayo si neno jepesi kama linavyodhaniwa. Latokana na neno la Kiingereza la barua, kwa sababu merikebu za posta ndizo zilizokuwa na ratiba, na watu waliita chombo kwa kazi yake. Meli maarufu ya ziwa iliyoanza kazi mwaka 1961 ilibeba jina la Victoria likitanguliwa na herufi zilizoitambulisha kuwa ni chombo cha posta ya kifalme. Hivyo Mwingereza alipoisoma ubavuni na Msukuma alipoiita meli, kwa asili walisema jambo moja, wala mmoja hakumjua mwenzake.

Shirika la Afrika ya Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikachukua reli na meli zake. Tangu hapo Mwanza na Kisumu zimekuwa zikizidi kutengana katika msamiati. Na sasa inakuja njia nyingine. Mwezi wa Juni 2021, huko Fela wilayani Misungwi, liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya mita moja. Watunza majengo wamekwisha kuanza kuuliza nini kitakachohifadhiwa katika stesheni za zamani. Swali la maneno halijaulizwa kwa sauti hiyo hiyo, na ndilo lenye haraka zaidi, kwa sababu jengo lililoachwa laweza kusimama miaka 50, lakini lugha ya kazi huondoka pamoja na wafanyakazi. Yale yaliyomo katika kamusi ni maneno ya abiria. Maneno ya watu wa njia, waliokaza skrubu za mataruma na kuunga mabehewa usiku, yamo zaidi vinywani kuliko vitabuni, na wengi waliojifunza kazi katika siku za shirika la pamoja wamekwisha kustaafu. Yafaa yakusanywe kwa kila kituo cha kupishana, kutoka Bukene hadi Mantare, pamoja na matamshi yake. Maana katika kinywa cha Msukuma reli mara nyingi husikika leli, na hilo si kosa la kufutwa bali ni ushahidi wa njia ambayo neno lilipitia.

Treni mpya zimekwisha kuanza kuzaa maneno bila kungoja ruhusa. Ile yenye pua iliyochongoka, iliyoanza kuonekana katika njia ya Dar es Salaam mwaka 2024, watu waliiita mchongoko, na jina likaenea upesi. Ni tendo lile lile la yule aliyetazama vipande vya chini ya reli akaona mbavu za jahazi. Lakini mkusanyaji wa maneno kando ya ziwa na awe mwangalifu. Katika Kiswahili cha Tanzania stima ilikuwa ni mvuke na chombo chake. Nchini Kenya neno hilo hilo limegeuka, sasa ni umeme. Mzee wa Mwanza akitajiwa treni ya stima ataikumbuka ile ya makaa na moshi iliyokwisha kuondolewa njiani, na kijana wa Kisumu, akilisikia fungu hilo hilo upande wa pili wa maji, atadhani inasemwa habari ya ile mpya.